Mwonja Chumvi wa Mtaa Wetu

Kabla sijaandika lolote nilivuka barabara kumwomba ruhusa mwenye habari. Nilimkuta ameketi barazani, anachambua mbaazi kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi, akasema, "Andika, mwalimu. Ila usitaje jina la mtu. Hata lako."

Basi humu hamna jina. Yeye nitamwita Bibi, kama tunavyomwita wote, ingawa mimi mwenyewe nina wajukuu.

Mtaa wetu uko Kariakoo, karibu kiasi kwamba ukifungua dirisha alfajiri unasikia wapagazi wanavyopigiana kelele za "mzigo, mzigo!" kuelekea sokoni. Zamani ulikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko. Sasa zimebaki tatu. Zilizobaki zimesimama chini ya maghorofa yenye fremu za maduka ya mabegi, mapazia na vifuniko vya simu. Jua hufika kwenye baraza la Bibi saa moja tu kwa siku, linapopita kati ya ghorofa mbili, na saa hiyo Bibi huitumia vizuri: huanika, huchambua, huota jua mgongoni.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Masasi, nikafundisha shule ya msingi hapa mjini mpaka nikastaafu, nikabaki kwenye vyumba viwili ninavyopanga, mkabala na nyumba ya Bibi. Mwalimu mstaafu ni mali ya umma. Kila kamati inamtaka awe katibu, kwa sababu ana mwandiko na anajua kueleza. Nimekuwa katibu wa kamati ya taka, ya mitaro, ya ulinzi, ya misiba. Nikirudi kutoka mkutano mmoja miguu imevimba, nakuta mtu mlangoni ananiita kwenye mwingine, na sijui kukataa. Darasani nilijifunza kwamba mtoto asiyeelewa mara nyingi si mjinga. Amesimama tu mahali ambapo jambo halionekani, na ukimsogeza kidogo ataliona. Imani hiyo ilinilisha miaka yote ya kazi. Ndiyo pia iliyonifikisha kwenye kosa ninalotaka kulisimulia.

Nyumba ya Bibi ni ya urithi. Aliijenga baba yake, na warithi wake sasa ni kumi na mmoja. Wengine wako Tanga, wengine Unguja, mmoja Maskati. Kesi yao iko mahakamani tangu sijastaafu. Hadi iishe, hakuna kuuza, hakuna kupangisha, hakuna kubomoa. Vyumba vitano vina makufuli, kila kufuli na mrithi wake, na cha sita ndicho anacholala Bibi. Mara kwa mara wanakuja watu na magari ya vioo vyeusi, wanasimama wanakitazama kiwanja kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Wanasema kiwanja kile peke yake kinaweza kujenga mtaa mzima huko Mbagala. Bibi huwatolea maji ya mtungini, wanakunywa, wanaondoka.

Aliyekuwa akimtunza ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori la masafa ya Tunduma. Alifia njiani. Tulizika, tukakaa matanga, tukatawanyika. Wiki kadhaa baadaye, jirani yangu wa chumba cha mbele, mwanamke anayekaanga samaki na kuuza hapo hapo kibarazani, aliniuliza tukiwa tunafagia:

"Mwalimu, umeona majivu ya Bibi?"

"Majivu gani?"

"Ndiyo nakuuliza. Jalalani kuna majivu yangu, kuna yako, kuna ya fundi cherehani. Ya Bibi siyaoni siku ya nne leo. Mtu anayepika anatupa majivu."

Mimi nilikuwa nimesoma ualimu. Yeye aliishia darasa la nne. Lakini kipimo cha njaa kilichokuwa sahihi kuliko vyote nilivyokuja kuviona kwenye makaratasi alikuwa nacho yeye, kwenye jalala.

Jioni hiyo akachukua bakuli la bati lenye ukingo wa bluu, akatia mchuzi wa samaki na wali, akafunika kwa kawa, akavuka barabara. Nilimfuata kwa udadisi. Akapiga hodi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye shida, "Bibi, shikamoo. Nisaidie, mwenzio nina mafua, ulimi wangu leo ni kama kipande cha gunia. Hebu nionjee chumvi."

"Marahaba. Mafua ya kiangazi?"

"Ya kiangazi, Bibi, ndiyo mabaya."

Bibi alifunua, akanusa, akaonja kwa ncha ya vidole. Akafumba macho. Akaendelea kuonja taratibu mpaka nusu ya bakuli ikaisha, na sisi tumesimama tunazungumza habari za bei ya mkaa kana kwamba hatuoni. Kisha akasema, "Chumvi ipo. Ndimu imepungua. Na samaki uliwahi kumgeuza."

Bakuli lilirudi kesho yake asubuhi, limeoshwa, ndani yake majani matatu ya mchaichai, kwa sababu kwa watu wa pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bibi ana debe la mchaichai na kopo la mrehani pale barazani. Hilo ndilo lilikuwa shamba lake.

Kuanzia hapo sikumbuki kama kulikuwa na kikao. Sijui nani alisema nini kwa nani. Mkaanga samaki alipeleka, kesho yake nikapeleka mimi, keshokutwa yule mama fundi cherehani. Kila mmoja na sababu yake: huyu ana mafua, huyu amebadilisha chapa ya chumvi, huyu mume wake amelalamika. Ilikwenda hivyo miaka miwili. Na Bibi hakutoa jibu la kumfurahisha mtu hata siku moja. Alikuwa mkali. "Nazi hii umeikama mara tatu, mwanangu, umewapa watu maji." "Kunde hizi zilitaka kulazwa majini." Nilikuwa mpishi wa kawaida, wa chakula kama cha bweni, ndani ya miaka miwili wanangu wakija kula Jumapili wakawa wanaulizana, mama kasoma wapi?

Katikati ya miaka hiyo kuna siku moja ambayo sikuitilia maanani. Nilikuwa natoka kliniki Upanga, nimeambiwa nina presha, tena ya kutisha. Nilishindwa kufika kwangu bila kupumzika, nikaketi barazani kwa Bibi, na kwa uchovu nikamwambia kila kitu, mpaka vidonge na masharti ya daktari.

"Wanangu wasijue, Bibi. Wakijua watanirudisha Masasi nikae nikiangaliwa kama yai."

"Hukusema," Bibi akasema, "na mimi sikusikia."

Tangu siku hiyo kila bakuli langu lilirudi na hukumu moja: chumvi imezidi. Nikapunguza. Imezidi. Nikapunguza tena. "Bado, mwalimu, mkono wako mzito." Mkaanga samaki alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliudhika, nikapika vyakula chapwa, karibu bila chumvi, ili tu nimkomoe. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Mtu wa kuwaelezea wengine miaka thelathini, na jambo lililokuwa sahanini kwangu halikunielea.

Ndipo ukaja mpango wa kusaidia kaya maskini.

Nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo kosa langu halitaeleweka. Zamani, mahali pengi, orodha kama hizi ziliandikwa ofisini na watu watatu wanne, mlango umefungwa. Orodha ikitoka, kaya maskini zinakuwa za mashemeji. Kwa hiyo safari hii ikawekwa kanuni nzuri: majina yatajwe hadharani, kwenye mkutano, jirani amtaje jirani, watu waseme wanachokijua, kisha wanyooshe mikono. Hakuna kujitaja mwenyewe. Kanuni hiyo niliipenda, na bado naipenda. Mwanga ni dawa ya wizi. Nisichokifikiria ni kwamba yako mambo mtaani yanayoishi kwa sababu tu hayajamulikwa, nayo si wizi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika darasa la shule niliyokuwa nikifundisha. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, feni imesimama. Mbele alikaa mwenyekiti wa mtaa na afisa wa mpango, binti mdogo mwenye subira, amebeba makaratasi mengi kuliko uwezo wa mikono yake. Mimi nilikuwa na daftari la katibu. Bibi alikuwapo. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba wazee wote wahudhurie, na Bibi ni mtu wa kuitika wito. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, katika buibui lake la kutokea. Sitadanganya kwamba sikumwona. Nilimwona, tukapungiana mikono.

Afisa alisoma maswali: kaya ina chakula cha uhakika? Ina kipato? Ina mtu mzima anayeweza kufanya kazi? Majina yakaanza kutajwa. Ilipofika zamu ya mkono wetu wa mtaa pakawa kimya. Nilimtazama mkaanga samaki, akatazama sakafu. Nikamtazama fundi cherehani, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Nikadhani wanaogopa kusema mbele za watu. Wengi huogopa. Nikasimama nikamtaja Bibi.

Mwenye fremu ya mabegi, mtu wa utani mwingi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa heshima yako. Yule Bibi wetu amekalia kiwanja. Mimi nina fremu ya kupanga, mwenye nyumba kila mwaka ananipandishia kodi. Kati yangu na yeye, maskini nani?"

Darasa likacheka. "Jiandikishe wewe, mzee!" mtu akamtania. "Na kitambi hicho nani atakuamini?"

Nilitabasamu, kwa sababu lile ni swali zuri, na swali zuri linastahili ubao. Nikachukua chaki. Nikachora mtungi mkubwa, nikaujaza mistari ya maji mpaka juu, kisha nikauziba mdomo kwa kizibo cheusi. Nikachora mtu pembeni yake, na kikombe kitupu.

"Mtungi huu una maji?"

"Unayo!"

"Huyu ana kiu au hana?"

"Anayo."

"Maji ya mtungini tuyaite mali. Maji ya kwenye kikombe tuyaite riziki. Ukimpima mtu kwa mtungi utamwita tajiri. Mpime kwa kikombe. Kizibo hiki kimewekwa na mahakama, si yeye. Hawezi kukitoa kwa meno."

Watu wakaguna kwa kukubali. Hata mwenye mabegi akasema, "Hapo umenishika, mwalimu." Nilijisikia vizuri. Miguu yangu iliyokuwa inauma asubuhi niliisahau.

Lakini mwenye mabegi hakukaa. "Haya, kikombe. Afisa ameuliza chakula cha uhakika. Mimi fremu yangu inatazamana na baraza la Bibi. Kila jioni naona mabakuli yanaingia pale yamefunikwa. Mtu anayeletewa mabakuli kila jioni analala njaa vipi? Si angekuwa amepungua?"

Afisa akageuza kalamu. "Ni kweli, mama? Kaya ina chakula?"

Nilikuwa nimerudi kusimama kwenye dawati langu, na hapo chini yake nilihisi mkono wa mkaanga samaki, aliyekaa kando, unavuta kanga yangu, kwa nguvu. Nilielewa anataka nikae. Sikuelewa kwa nini. Tulikuwa tumebakisha hatua moja tu. Kama ningenyamaza, Bibi angeandikwa kuwa ana chakula cha uhakika, na jina lake lingepita. Uhakika gani, wakati mimi ninaweza kuanguka kesho, na mkaanga samaki anaweza kuhamishwa pale kibarazani wakati wowote? Riziki ya mzee haipaswi kutegemea mafua ya uongo. Niliamini hivyo, na mpaka leo kwenye karatasi siwezi kuona kosa la hoja yangu.

Nikaeleza. Niliwaambia kwamba mabakuli ni yetu. Kwamba Bibi hana chochote, na sisi wanawake watatu tunamlisha kwa zamu, na ili asione haya tunajifanya tunataka atuonjee chumvi. Nikasema hata habari ya majivu. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama mtu anayefundisha kutoa kwa kukopa.

Hakuna aliyecheka. Afisa aliandika. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, mikono ikanyooshwa, mingi, haraka haraka, kama ya watu wanaotaka jambo lipite. Jina la Bibi likaingia.

Bibi akasimama kule nyuma. Alichukua muda kutoka kwenye dawati la mtoto. Akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, "Mwalimu ana sauti nzuri. Hata huku nyuma inafika." Akatoka.

Jioni yake ilikuwa zamu yangu. Nilipika mchicha wa nazi, nikavuka, nikapiga hodi. Alifungua mlango nusu.

"Bibi, nionjee..."

"Tuache mchezo, mwanangu. Chumvi unaijua. Na njaa yangu sasa iko kwenye daftari, tena kwa mwandiko wako. Nimekula, ahsante."

Kesho yake akamkatalia mkaanga samaki. Keshokutwa fundi cherehani. Hakugombana na mtu, hakununa. Asubuhi aliniitikia salamu kama kawaida, aliniuliza habari za wanangu. Ila bakuli halikupokelewa. Mkaanga samaki hakunisemesha siku tatu, na kwa mtu yule kukaa kimya siku tatu ni kama mwingine kufunga mwezi. Siku ya nne, akiwa anageuza samaki kwenye mafuta, akaniambia bila kuniangalia:

"Umemfukuza kazi mzee wa watu."

"Kazi gani? Nilikuwa namtafutia haki yake."

"Haki yake sawa. Lakini alikuwa na kazi. Mimi nilianza na uongo, ndiyo, mafua sikuwa nayo. Lakini mwezi wa pili, mwalimu, mimi nilikuwa nangoja jibu kweli. Wateja wangu wameongezeka kwa sababu ya nani? Nani aliniambia nipunguze manjano? Yule alikuwa anakula jasho lake. Wewe umesimama mbele ya watu ukasema ni ombaomba."

"Sikusema ombaomba."

"Sasa ulisema nini?"

Nilisimama pale moshi wa mafuta ukiniingia machoni. Miaka miwili nilikuwa nimemwona Bibi kama mtu anayepokea, na sisi tunaotoa. Mkaanga samaki alikuwa ameona biashara, tena biashara ya haki: chakula kwa ujuzi, bakuli kwa mchaichai, hakuna aliyemzidi mwenzake. Uongo wa chumvi tuliuweka kama pazia. Lakini nyuma ya pazia, polepole, uongo wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa kweli, na mimi peke yangu sikuwa na habari. Hapa pwani wanaita stara, yaani kumfunika mwenzio alipo uchi. Mimi nilikuwa nikidhani stara ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Sikujua kwamba nyumba nyingine zinasimama juu yake.

Masika yaliingia na pesa za mpango hazijaanza kutoka. Bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ikafungwa, mambo ya ofisini yakachelewa zaidi. Nikawa mtu wa kwenda jalalani asubuhi kuangalia majivu. Siku nyingine yalikuwapo, kidogo, ya uji. Siku nyingine hayakuwapo. Nilikwenda ofisi ya mtaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila mara niliambiwa orodha iko sawa, jina liko sawa, mama subiri. Na kila nikirudi nilipita mbele ya baraza lile, Bibi ananiitikia salamu, shingo imeanza kutoka mifupa, na mchaichai kwenye debe umepungua kwa sababu sasa alikuwa anaunywa mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakukuniondolea uchovu. Nilitaka mtu anipigie kelele. Hakuna aliyepiga.

Jambo moja lilinisumbua kuliko yote. Bibi alikuwa na siri yangu. Kwa neno moja tu angeweza kulipiza kisasi: amwambie mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akimsalimia kila Jumapili akipita, kwamba mama yako ana presha anaficha. Nilikuwa nangoja ajione ana haki ya kufanya hivyo. Jumapili zikapita. Mwanangu akawa anakuja, anakula, anaondoka, na hakujua kitu.

Hatimaye siku ya malipo ikafika. Katibu ndiye aliyeshika daftari, kwa hiyo Bibi alilazimika kusimama mbele yangu. Nilimwelekeza pa kubonyeza dole gumba. Akabonyeza, akakitazama kidole chenye wino, akakifuta kwenye ukuta wa ofisi.

"Pesa halali?" akauliza.

"Halali kabisa, Bibi. Ni haki yako."

"Basi nitazila." Akaenda zake.

Jioni ile moshi ukatoka uani kwake, moshi mzito wa mkaa mpya. Nilikuwa nimekaa mlangoni naloweka miguu kwenye beseni. Nikasikia harufu ya tui la pili linachemka na la kwanza linatiwa. Baada ya muda nikamwona mkaanga samaki anavuka barabara kutoka kwa Bibi, ameshika bakuli la bati lenye ukingo wa bluu, lile lile lake, kawa juu. Nilidhani limekataliwa tena. Akanipa mimi.

"Mbaazi za nazi. Bibi anasema umwonjee chumvi."

"Mimi?"

"Kasema mwalimu. Na kasema ningoje jibu."

Nikafunua. Mbaazi zilikuwa laini, tui limezikumbatia, juu kuna jani la mrehani. Nikaonja. Nikaonja tena. Mkaanga samaki hakuweza kuvumilia, akachovya kidole.

"Mh! Mbona hamna chumvi?" Akachovya tena. "Hamna hata chembe! Masikini, Bibi amezeeka. Yeye wa kutusimanga sisi, leo kasahau chumvi kabisa!"

Nikaliweka bakuli mapajani. Ndipo nilipoyaona mabakuli yangu yote ya mwaka mzima yanarudi moja baada ya jingine: imezidi, bado, mkono wako mzito. Alikuwa ananipikia kwa mkono wangu mwenyewe. Na hata sasa, baada ya darasa, ubao, na mikono iliyonyooshwa, alikuwa amenipikia chakula cha masharti ya daktari na kukifunika kwa kawa, na aliyekileta hakujua amebeba nini.

Mkaanga samaki alikuwa ananitazama, anangoja. Maelezo yote yalikuwa mdomoni. Ningeweza kumweleza mara tatu kwa njia tatu, na angeelewa, na angelia, na kesho mtaa mzima ungejua Bibi ni mtu wa namna gani. Na mtaa mzima ungejua na mengine.

"Mwambie imekaa sawasawa," nikasema.

"Sawasawa wapi, mwalimu? Umeonja kweli wewe?"

"Nimeonja."

"Basi na wewe umezeeka. Nyie wawili mtatuua." Akanyanyua mabega. "Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Akavuka. Nilikula mbaazi zile zote, polepole, miguu ikiwa ndani ya maji yaliyokwisha kupoa, mpaka chini kukabaki jani la mrehani. Nililiosha bakuli. Kisha nikazunguka chumba changu chote nikitafuta cha kulirudishia, mtu wa Masasi asiye na debe wala kopo barazani, nikapata viganja viwili vya korosho nilizoletewa na shangazi. Nikazitia, nikafunika, nikavaa kandambili.

Alikuwa bado uani, anatawanya makaa ili yazime. Alilipokea bakuli bila kulifunua.

"Kesho nitapika kunde," nikamwambia.

"Zilaze leo," akasema Bibi. "Ukizilaza kesho utakuwa umechelewa."